Mchango upo kwenye simu, haupo kwenye jedwali: kosa liko wapi?

Chukua mfano wa chama cha akina mama 12 pale Mtongwe, Likoni. Kila mmoja hutuma shilingi 1,000 kwa mwezi kwenye laini ya chama, ambayo hukaa na mweka hazina. Mwisho wa Machi hesabu ni nyepesi: watu 12, miezi mitatu, jumla 36,000. Na kweli pesa zipo. Mweka hazina akifungua simu, salio lasema 36,000 kamili.

Sasa kijana mmoja wa nyumbani akawasaidia kuingiza michango kwenye Excel, jedwali likapendeza, likaprintiwa, likasomwa kwenye kikao. Wanachama 7 wamemaliza. Wanachama 5 bado elfu mbili mbili.

"Dadangu, wewe hapa kompyuta yasema umelipa elfu moja tu."

"Elfu moja vipi, na meseji zote tatu ninazo?"

Hapo maneno huanza. Ukijumlisha walicholipa wote kwa jedwali lile unapata 26,000, na simu ina 36,000. Wengine watauliza hizo elfu kumi za ziada ni za nani. Wengine watasema mweka hazina ana njia zake. Na kwa kuwa mkopo wa chama hupewa aliye sawa na michango, wale watano wanaambiwa wasubiri mzunguko ujao.

Hakuna aliyeiba, na hakuna aliyekosa kulipa. Tofauti kati ya wale 7 na wale 5 ni moja tu: wale 7 walituma 3,000 mara moja, na wale 5 walituma elfu moja moja kila mwezi. Jedwali limewaandika wadeni wale wanaolipa kidogo kidogo. Tuone limefanyaje, kwa sababu kosa hili ni la kawaida sana na dawa yake ni ya dakika tano.

Kisanduku kirefu kina mwenyewe mmoja

Kwanza tukubaliane maneno. Mstari unalala, kutoka kushoto kwenda kulia. Safu inasimama, kutoka juu kwenda chini. Mahali vinapokutana ni kisanduku.

Kijana wetu aliona haina haja kuandika jina la mtu mara tatu. Akachagua visanduku vitatu vya jina, akabonyeza "Merge & Center", vikawa kisanduku kimoja kirefu kinachoshika mistari mitatu. Kwa macho yetu ni safi kabisa: jina moja kushoto, malipo matatu kulia. Lakini Excel haioni hivyo. Yenyewe huweka jina kwenye kisanduku cha juu peke yake, na vile viwili vya chini huviacha vitupu. Ukiondoa mapambo, inachokiona ni hiki:

| Mwanachama | Mwezi | Kiasi |
|---|---|---|
| Mwanachama wa 8 | Januari | 1,000 |
| | Februari | 1,000 |
| | Machi | 1,000 |
| Mwanachama wa 9 | Januari hadi Machi | 3,000 |

Februari na Machi hazina mwenyewe. Fomula ya kujumlisha kwa jina, ile ya SUMIF, hupita mstari kwa mstari ikiuliza: jina hapa ni la nani? Ikikuta jina inachukua kiasi, ikikuta kitupu inapita. Mwanachama wa 8 akahesabiwa Januari tu. Mwanachama wa 9 akahesabiwa zote, maana zake ziko kwenye mstari mmoja.

Angalia jambo moja hapa, ndilo linalochanganya watu. Ukijumlisha safu ya kiasi yote, bila kuuliza majina, unapata 36,000 sawasawa. Kwa hiyo jedwali hilo hilo lina jumla sahihi chini na majumla mabaya pembeni. Ukiona hivyo, jumla ya chini inalingana na simu lakini majina hayafiki pale, usitafute mwizi. Tafuta visanduku vilivyounganishwa.

Dalili ya pili ni ukijaribu kupanga majina kwa alfabeti. Excel itakataa na kukwambia visanduku vyote vilivyounganishwa lazima viwe na ukubwa sawa. Watu wengi hufunga huo ujumbe wakaendelea na mambo yao. Usiufunge, unakwambia ugonjwa uko wapi.

Kurekebisha

Kabla ya yote, hifadhi nakala ya faili kwa jina jingine. Kisha:

1. Chagua safu ya majina peke yake, kuanzia jina la kwanza hadi mstari wa mwisho wenye malipo. Usichague jedwali lote.
2. Bonyeza mshale ulio kando ya "Merge & Center", chagua "Unmerge Cells". Majina yatapanda juu, na chini yake utaona mapengo.
3. Mapengo bado yakiwa ndani ya uliyochagua, bonyeza Ctrl na G, kisha "Special", kisha "Blanks". Sasa mapengo peke yake ndiyo yamechaguliwa.
4. Andika alama ya =, bonyeza mshale wa juu mara moja, halafu bonyeza Ctrl na Enter kwa pamoja. Kila pengo litachukua jina lililo juu yake.
5. Chagua tena safu ya majina, nakili, kisha bandika hapo hapo kwa "Paste Special", "Values". Hii hugeuza fomula kuwa majina ya kweli. Ukiruka hatua hii, siku utakapopanga jedwali upya majina yatahama tena.

Kama huna laptopu na unafanya kazi kwenye simu, hiyo hatua ya 3 huenda usiipate. Tenganisha visanduku, kisha nakili jina ulibandike mapengo yake. Kwa chama cha watu 12 si kazi ya kulalamikia. Google Sheets nayo ni vile vile: fungua "Format", halafu "Merge cells", halafu "Unmerge", kisha buruta jina kwenda chini.

Onyo moja zito. Yote haya yanawezekana kwa sababu kilichounganishwa ni jina. Kama mtu aliunganisha visanduku vya kiasi, tuseme vitatu vyenye 1,000, 1,000 na 1,000, programu imebakisha kile cha juu na kufuta viwili. Kutenganisha hakurudishi. Hapo rudi kwenye stetimenti au kwenye meseji uandike upya. Excel huonya kabla ya kufuta, lakini nani husoma.

Kuanzia leo, malipo moja mstari mmoja, na jina liandikwe kila mstari hata likijirudia mara 50. Najua halipendezi. Kama chama kinataka jedwali la kupendeza la kubandika ukutani, tengeneza la pili kutoka kwa lile la kwanza, na hesabu zifanyike kwenye la kwanza.

Stetimenti ya PDF ikigeuzwa kuwa Excel

Sasa tuvuke upande wa Kisauni. Mwenye duka pale Mwandoni haandiki jedwali kwa mkono. Yeye huomba stetimenti ya miezi sita, inamjia kwa barua pepe kama PDF, na anataka kuigeuza iwe Excel ili ajue amelipa ada ngapi na ni mteja gani humlipa sana. Anaigeuza, anafungua, na mistari imekuwa vurugu: namba ya risiti iko mstari mmoja, jina la aliyelipa mstari wa pili, kiasi kimekaa katikati, na kuna visanduku virefu hakuviagiza mtu.

Sababu ni kwamba PDF haikutengenezwa kwa ajili ya hesabu. Kampuni ya Adobe iliitoa mwaka 1993 ili karatasi ionekane vile vile kwenye kila mashine na kila printa, na mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa cha ISO. Kazi hiyo inaifanya vizuri mno. Lakini ndani ya faili, mara nyingi hakuna jedwali lolote. Kuna herufi zilizopewa mahali pa kukaa kwenye ukurasa, na mistari ya wino iliyochorwa. Jedwali unaliona wewe kwa sababu una macho. Programu ya kugeuza inakisia: herufi hizi ziko usawa mmoja, basi huu ni mstari, hizi zimeshuka kidogo, basi huo ni mstari mwingine.

Mahali inapokosea zaidi ni safu ya maelezo. Muamala mmoja una maelezo marefu: malipo kwa namba fulani, jina la biashara, namba ya akaunti. Yanajikunja kuwa mistari miwili au mitatu ndani ya kisanduku kimoja. Programu ikaona mistari mitatu, ikatengeneza mistari mitatu. Au ikajaribu kuwa na akili zaidi, ikafanya mstari mitatu halafu ikaunganisha visanduku vya namba ya risiti, muda na salio vishike mistari yote mitatu. Tumerudi kwa kijana wa Mtongwe, safari hii aliyeunganisha ni kompyuta.

Mahali pa pili ni mwisho wa ukurasa. Muamala unaoanza chini ya ukurasa wa 3 na kumalizikia juu ya ukurasa wa 4 hugeuka kuwa miamala miwili iliyokatika kichwa na miguu. Kisha vichwa vya safu, vile vya "maelezo" na "salio", vinajirudia katikati ya data kila ukurasa. Vifute.

Dalili ya tatu ni ndogo lakini inaumiza: kiasi kilichoegemea kushoto cha kisanduku. Tarakimu halisi huegemea kulia zenyewe. Iliyoegemea kushoto, kama hukuipanga wewe, Excel inaichukulia kama maandishi, na SUM huiruka bila kukwambia kitu.

Kama unatumia Excel ya Microsoft 365 kwenye Windows, kuna njia safi zaidi: "Data", "Get Data", "From File", "From PDF". Itakuonyesha majedwali iliyoyapata kwenye kila ukurasa, na ukichagua "Transform Data" utapata kitufe cha "Fill", "Down" kinachojaza mapengo yote kwa mara moja. Nayo hukisia, lakini hukisia vizuri kuliko nyingi za bure.

Usifute ada ukidhani ni marudio

Hili linastahili kusimama peke yake. Ukituma shilingi 1,000 na ukatozwa ada ya 13, stetimenti huandika mistari miwili: mmoja wa 1,000, mmoja wa 13, na yote ina namba ile ile ya risiti. Mtu anayesafisha faili huona namba imejirudia, akabonyeza "Remove Duplicates" kwa safu ya risiti, na ada zote za miezi sita zikatoweka. Halafu anashangaa salio halifiki.

Mistari miwili yenye risiti moja na viasi tofauti ni halali. Kinachotiliwa shaka ni mistari yenye risiti moja, ambapo mmoja hauna kiasi wala salio, una maneno tu. Huo ni mkia wa maelezo uliokatika. Maneno yake yarudishe kwenye mstari wa juu, kisha ufute mstari uliobaki mtupu.

Mwache salio awe shahidi

Mtu anaweza kukaa usiku mzima akilinganisha miamala 900 kwa macho. Haina haja. Stetimenti ina ukaguzi wake ndani: safu ya salio. Salio la kabla, jumlisha iliyoingia, toa iliyotoka, lazima iwe salio la sasa. Mstari wowote uliohama utavunja hesabu hiyo pale pale ulipo.

Mfano. Salio lilikuwa 5,200. Umetuma 1,000, salio 4,200. Ada 13, salio 4,187. Kama kwenye jedwali lako 5,200 inafuatwa moja kwa moja na 4,187 na katikati kuna 1,000 tu, basi mstari wa ada umepotea, na unajua ulipotelea.

Kuifanya kwa faili zima, tuseme iliyoingia iko safu D, iliyotoka E, na salio F, na muamala wa karibuni uko juu kabisa, kama stetimenti nyingi zilivyo. Kwenye G2 andika:

=F3+D2-E2-F2

Kisha buruta chini hadi mstari wa pili kutoka mwisho. Kila jibu liwe 0. Kama pesa zilizotoka zimeandikwa na alama ya kutoa mbele, tumia + badala ya - kabla ya E2. Ukipata jibu lisilo 0, simama hapo, fungua PDF ya asili, tafuta namba ya risiti hiyo na ulinganishe. Mara nyingi utakuta jibu lenyewe linakutajia kosa: likiwa 13, tafuta ada ya 13.

Usipange upya mistari kwa muda kabla ya mtihani huu. Malipo na ada yake vinaweza kuwa na sekunde ile ile, na ukivipindua, mtihani utalia kosa ambalo halipo.

Ukitengeneza wewe mwenyewe jedwali la kuprinti

Kwa Word nitakwenda haraka. Jina lililounganishwa kushika mistari mingi likifika mwisho wa ukurasa, linabaki ukurasa wa kwanza, na ukurasa wa pili unaanza na malipo yasiyo na jina. Kwenye kikao mtu akipewa karatasi ya pili peke yake ataapa kwamba hayumo. Tenganisha, rudia jina. Kisha kwenye "Table Properties", sehemu ya "Row", ondoa alama kwenye "Allow row to break across pages" ili mstari usikatwe, na kwa mstari wa kichwa weka alama kwenye "Repeat as header row at the top of each page".

Na kwa vijana wanaotengeneza kurasa za HTML za kuonyesha michango ya sacco za matatu kule Changamwe na kwingineko: ukiandika rowspan="3", mistari miwili inayofuata isiandikwe kisanduku cha jina tena. Ukikiandika, kila kitu kwenye mistari hiyo kinasukumwa kulia hatua moja, kiasi kinakaa chini ya salio, na dereva ataona amepewa pesa ambazo hajapewa. Pia tatu ikitoka kwenye hesabu ya malipo ya mtu, ihesabu kwenye data ile ile unayochora. Akiongezwa malipo ya nne na namba ikabaki tatu, mstari wa nne unakosa jina na safu zake zinarudi kushoto.

Kabla hujaipeleka saiba

Stetimenti yako si yako peke yako. Ina majina na namba za watu waliokutumia na uliowatumia, na ni habari binafsi ambazo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazijali. Tovuti ya bure usiyoijua inayokwambia "pandisha PDF yako hapa tuigeuze" inapokea hayo yote, na hujui inayaweka wapi. Geuza kwenye kifaa chako au cha mtu unayemwamini.

Ikibidi kwenda saiba, pale Magongo au popote, nenda na faili kwenye flashi. Ukifungua barua pepe au WhatsApp kwenye mashine ya pale, toka kabisa kabla hujaondoka, futa faili kwenye "Downloads", na ufute pia kwenye pipa la taka. Neno la siri la kufungua PDF liandike mwenyewe. PIN ya kulipia haihusiki kabisa na kufungua stetimenti, kwa hiyo anayekuomba PIN ili akusaidie na jedwali, mchukulie tapeli.

Jambo jingine: benki au sacco ikitaka stetimenti kwa ajili ya mkopo, wape PDF ya asili. Usiwape Excel uliyoisafisha, hata kama umeisafisha kwa nia njema. Kwao faili iliyoguswa haina tofauti na iliyoghushiwa.

Na kama mtihani wa salio unakataa hata ukifuata PDF ya asili kwa mkono, mstari kwa mstari, hapo shida si ya jedwali tena. Andika namba ya risiti ya muamala, tarehe na saa yake, na kiasi, kisha uwasiliane na huduma kwa wateja ukiwa na laini husika mkononi. Kwa chama, apige mwenye laini, si mwenyekiti, maana atakayeulizwa maswali ya kujitambulisha ni yule aliyeisajili.